Uzi wa wapenda picha: Kilimanjaro unapigwa kutoka upande gani, mwezi gani, saa ngapi?

Mpigapicha wa Rau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Desemba ikinukia tu, ujumbe unaanza kumiminika kwangu. "Nakuja nyumbani Krismasi, kuhesabiwa na ukoo, mlima utakuwa wazi?" "Mkuu, mwezi gani mzuri?" "Niko Moshi tangu juzi sijaona hata unyayo wake." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha nimwage yote hapa, wenye ya kwao waongezee. Kazi yangu mimi ni harusi na kipaimara, hizo ndizo zinazolipa kodi. Mlima ni ugonjwa wangu tu.

Swali la "mwezi gani" likija peke yake halijibiki. Kwanza sema utasimama upande gani. Kilimanjaro uko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halina upande mmoja wa kudumu. Mwezi Juni linachomoza kaskazini-mashariki, na mchana linapita kaskazini. Desemba linachomoza kusini-mashariki na kupita kusini.

Sasa simama Moshi mjini. Kibo, kile kilele kikuu chenye barafu, iko karibu kaskazini kamili, kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka. Desemba na Januari jua la asubuhi linakuwa nyuma ya bega lako la kulia, linaupiga uso uleule unaoutazama. Theluji inawaka, makorongo yanapata vivuli, umbo la mlima linajitokeza. Juni na Julai jua hilohilo linachomoza mbele yako, mkono wa kulia. Hata kukiwa hakuna wingu, unachopata ni umbo la bluu lililofifia, halafu unalaumu kamera.

Upande wa Kenya, Amboseli na Kimana, kila kitu kinageuka. Kule unatazama kusini. Juni mpaka Agosti jua la asubuhi liko nyuma ya bega la kushoto na mlima unang'aa. Desemba linakuja kwa mbele na ukungu unameza kila kitu. Machi na Septemba jua linachomoza mashariki kamili, pande zote mbili zinapata mwanga wa ubavuni, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Uzuri ni kwamba upepo nao unafuata mkondo huohuo. Kusi likivuma katikati ya mwaka linabeba unyevu kutoka baharini na kuubandika upande wa kusini. Ndiyo maana Moshi ya Julai ni sweta na wingu la kijivu, unaweza kumaliza wiki mlima huujui. Kaskazi likishika, hasa Januari na Februari kabla ya masika, anga ya Moshi inafunguka. Kwa hiyo msimamo wangu: Desemba mwishoni hadi Februari kaa Moshi. Juni hadi Agosti, kama una pasipoti na nauli, vuka mpaka.

Masika nako watu wanakuogopa kupita kiasi. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri inayofuata hewa imeoshwa, theluji imeshuka chini kuliko kawaida, na kwa saa moja hivi unapata mlima ambao watalii wa Agosti hawaujui. Rebmann, yule mmisionari aliyewaandikia Wazungu wenzake kwamba kuna theluji karibu na ikweta wakambishia, aliuona tarehe 11 Mei 1848. Mei! Ila masika ni kamari. Usimshauri mtu anayetoka Dar kwa siku mbili aje Aprili.

Kuhusu saa: mlima una ratiba yake. Usiku hewa inapoa, mawingu yanashuka au kuyeyuka, alfajiri Kibo iko wazi. Jua likishapasha msitu, hewa yenye unyevu inaanza kupanda mteremko, inapoa huko juu, inageuka wingu. Saa tatu au saa nne asubuhi mlima umeshajivuta shuka. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, mara nyingi linakatika tena na unapata nafasi ya pili.

Jua la Moshi linachomoza kati ya saa 12:05 na 12:40 asubuhi, inategemea mwezi. Kileleni linafika mapema kuliko kwako, kama dakika 10 hivi, kwa sababu ya urefu wa mita 5,895. Hizo dakika 10 ndizo hasa unazoamkia. Mji bado wa bluu, taa za bodaboda bado zinawaka, juu kabisa kwenye barafu kunaanza mstari mwembamba wa waridi, unashuka taratibu, unakuwa rangi ya chungwa, halafu njano. Likishakufikia wewe miguuni, rangi imekwisha. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu uwe umeshasimama, stendi imefungwa, lenzi imefutwa. Ukiamka saa hiyo umechelewa.

Nitarudi kwenye sehemu za kusimama. Maswali karibuni.

Kapuku Mstaarabu

Mkuu mlima si upo tu? Mimi nimezaliwa Majengo, nikifungua mlango wa nyuma nauona. Mnaupangia ratiba kama mgeni rasmi.

Mpigapicha wa Rau

Ndiyo maana huna picha yake hata moja mangi.

Kapuku Mstaarabu

Hahaha, hapo umenipiga. Ngoja nivute kiti.

Mama Jeska

Asante kwa uzi baba. Mimi nakuja na watoto kutoka Dar wiki ya Krismasi, tunafikia Kibosho kwa bibi yao. Sina kamera, nina simu tu. Mwaka juzi nilipiga picha kutoka uwanjani kwa bibi, mlima umetoka kadogo kama kichuguu na mbele migomba mitupu. Nifanyeje?

Mpigapicha wa Rau

Mama Jeska, shikamoo. Swali lako ndilo la watu wengi kuliko wanavyokubali.

La kwanza, Kibosho, Machame na Kilema mko karibu mno. Ukiwa mguuni pa mlima, mabega ya msitu yanaziba na migomba inaziba kilichobaki. Watu wanadhani wakipanda zaidi watauona vizuri zaidi, kumbe unatakiwa kushuka. Chukua njia ya TPC, kile kiwanda cha sukari, kuelekea Arusha Chini, tafuta penye upenyo wa mashamba ya miwa ugeuke nyuma. Hapo mlima unasimama mzima kuanzia tambarare mpaka barafu, Kibo kushoto, Mawenzi, kilele cha pili, kulia, na miwa ya kijani inakupa kitu cha mbele. Barabara yenyewe alfajiri ina watu wa baiskeli wenye madumu na mizigo ya majani ya ng'ombe. Mwombe mmoja ruhusa, apite mbele yako, tayari una picha yenye maisha. Kwenye mashamba ya watu usiingie bila kuuliza. Na miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa moshi unatanda, siku hiyo hamia kwingine.

La pili, simu. Lenzi ya kawaida ya simu imetengenezwa ionyeshe sebule nzima, kwa hiyo lile taji jeupe la Kibo ukiwa Moshi haliwezi kufika hata sehemu ya kumi ya upana wa picha. Jicho lako linaukuza mlima kwa sababu unaupenda, simu haina mapenzi. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, ile ya 3x au 5x, tumia hiyo. Kama haina, usivute kwa vidole mpaka picha ikawa uji. Vuta hadi 2x tu, au weka kitu kikubwa mbele, mti, mtoto, kanisa, mlima uwe nyuma yake.

La tatu: gusa penye theluji kwenye kioo, kitatokea kijua kidogo, kiburute chini kidogo. Usipofanya hivyo simu inaangalia miti myeusi, inaongeza mwanga, theluji inakuwa karatasi nyeupe isiyo na mkunjo wowote.

Kama mnakuja kwa ndege kutoka Dar kushuka KIA, omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Kurudi, kushoto.

Mama Jeska

Marahaba mwanangu. Ndege ya kulia tena na watoto watatu? Tunakuja na basi. Ila nimeelewa, tutashuka TPC.

Ole wa Kimana

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Nimeona mmetaja kwetu, acha nichangie kidogo.

Watu wa Nairobi wanakuja Amboseli Jumamosi, wanafika mbugani saa tano, mlima hauonekani, wanasema wameibiwa. Geti la mbuga linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukilala nje na kupanga foleni pale, mwanga ule wa kwanza utakupata ukiwa unalipa. Ama ulale ndani, ama ulale huku Kimana, kuna miti ile ya migunga yenye gome la njano, mlima uko nyuma yake, hauhitaji geti.

Jambo la ndovu sasa. Asubuhi ndovu wanatoka vichakani wanaenda kwenye vinamasi, Enkongo Narok na Longinye, jioni wanarudi. Maji ya vinamasi hivyo yanatoka huo mlima, yanapita chini ya ardhi yanaibukia huku kwetu, ndiyo maana hata kiangazi kikali ndovu hawaondoki. Kwa hivyo usikimbizane nao. Muulize dereva wanavuka barabara wapi, egesha hapo mapema, subiri.

Na kosa la wageni wengi ni moja: wanataka kumkaribia ndovu. Ukimkaribia, unatumia lenzi fupi, mlima unakuwa mdogo nyuma ya masikio. Rudi nyuma! Kaa mbali, weka lenzi ya mm 300 au 400, hapo mlima unakuja mkubwa nyuma ya ndovu. Funga tundu la lenzi hadi f/11 hivi ili vyote viwili viwe vikali. Jua likishapanda usijisumbue na lenzi ndefu, joto la ardhi linafanya mlima utetemeke kama unaungua.

Noomotio, kile kilima cha kutazamia, ni mahali ambapo unaruhusiwa kushuka garini. Jioni ni pazuri. Julai hadi Septemba vumbi la ziwa lililokauka ni jingi, funga kamera kwenye mfuko, na kubadilisha lenzi nje ni dhambi.

Wamaasai wakiwa na ng'ombe, tafadhali, salimia kwanza. Mtu si mapambo ya mlima. Mkielewana picha, elewaneni na malipo kabla ya kupiga.

Mpigapicha wa Rau

Ole, asante sana ndugu. Hiyo ya "rudi nyuma" ningeichora ukutani. Nyongeza ndogo: wanaoiba picha za Amboseli na kuziandika "Moshi, Tanzania" mnajulikana. Ukiwa Kenya Mawenzi inakaa kushoto kwa Kibo. Ukiwa Moshi inakaa kulia. Tembo wako mbele, Mawenzi kushoto, unasema umepiga ukiwa Rau?

Ole wa Kimana

Nimecheka hadi ng'ombe wameshtuka. Na sisi tunao, bana, wanaogeuza picha kama kioo.

Binti wa Uru

Mimi nina swali. Kuna picha inazunguka huko mitandaoni kila Januari, mwezi mpevu mkubwa umekaa nyuma ya Kibo, wameandika ni Moshi mjini. Nataka na mimi hiyo. Nisubiri tarehe gani?

Nyota Njema

Dada, utasubiri mpaka uzeeke. Acha nilieleze hili maana linanikera.

Ukiwa Moshi, Kibo iko kaskazini, na kilele chake kiko kama nyuzi 9 au 10 juu ya upeo wa macho. Mwezi hauendi huko. Hata ukienda kaskazini kwa kiwango chake cha mwisho, ukifika juu ya mlima kwa mtu wa Moshi unakuwa umeinuka zaidi ya nyuzi 55, yaani juu sana ya mlima. Hauwezi kukaa nyuma ya Kibo, si Januari si lini. Jua vilevile. Picha hiyo imeunganishwa kwenye kompyuta, na aliyeunganisha amesahau kuangalia dira. Halafu pima ukubwa: mwezi una upana wa nusu nyuzi, taji la Kibo kutoka Moshi ni kama nyuzi 4 na nusu. Mwezi wa kweli unaingia mara tisa kwenye upana wa taji. Ukiuona umekuwa nusu ya mlima, jua umepikwa.

Unautaka kweli? Hamia magharibi ya mlima, Sanya Juu au Ngare Nairobi, hapo unautazama mlima kwa mashariki. Mwezi mpevu wa kuanzia Novemba hadi Januari unachomozea upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo kutoka ukanda wa Sanya Juu kuna jioni utakuja kutokea mgongoni mwa Kibo. Tumia PhotoPills au Stellarium, weka mahali pako pa kusimama, programu itakuonyesha siku na dakika. Na usichague usiku wa mwezi mpevu wenyewe. Mlima ni mrefu, mwezi unachelewa kuuvuka, ukitokea giza limeshaingia na mlima hauonekani. Chukua siku moja au mbili kabla, mwezi unatoka mapema mlima bado una mwanga.

Binti wa Uru

Kumbe! Sasa sisi wa Moshi hatuna letu la usiku?

Nyota Njema

Mnalo, na ni zuri kuliko la mwezi. Ncha ya kaskazini ya anga, ile ambayo nyota zote za kaskazini zinaizunguka, kwa mtu wa Moshi iko nyuzi 3 na ushee chini ya upeo wa macho, moja kwa moja kaskazini. Kaskazini kuna nini? Kibo. Maana yake ukiweka kamera kwenye stendi, ukapiga picha za sekunde 30 mfululizo kwa saa moja au mbili, ukaziunganisha, nyota zinachora matao nusu duara juu ya mlima, tao ndani ya tao, na mlima uko katikati kabisa. Ulaya wanapata duara kamili juu angani. Kupata matao yanayoinuka kutoka mgongoni mwa mlima wenye theluji inabidi uwe karibu na ikweta, na mlima uwe kaskazini au kusini yako kamili. Moshi mmepewa bure mmelala.

Januari, saa tatu usiku hivi, Kilimia nayo iko juu upande huohuo wa kaskazini. Taa za mji ziko mgongoni ukishika ukingo wa kaskazini wa mji, kwa hiyo hazisumbui sana.

Njia Nyeupe, ule mkanda mnene wa nyota, kitovu chake kiko anga ya kusini. Hiyo ni mali ya akina Ole: Juni hadi Agosti, Kimana, lenzi pana, kamera imesimama wima, hakuna mwezi.

Mpigapicha wa Rau

Mkuu Nyota Njema umeupiga mwingi. Nilikuwa nayajua matao, sikujua sababu.

Sehemu nyingine za kusimama, haraka haraka. Himo kuelekea Holili: Kibo na Mawenzi zote mbili zinaonekana, na Mawenzi yenye meno inakuwa kubwa zaidi. Rombo, yaani Mkuu mpaka Tarakea: usitegemee Kibo, Mawenzi imekaa mbele, ila jua la asubuhi linaipiga Mawenzi usoni na majabali yake ni mazuri kuliko watu wanavyofikiri, mita 5,149 ambazo hakuna anayezipigia picha. Ziwa Chala liko huko, mpakani. West Kilimanjaro, upande wa Ngare Nairobi na Enduimet: tambarare, wanyama, mlima mpana wenye bega la Shira, na msongamano wa magari ni mdogo kuliko Amboseli. Ningekuwa na gari langu ningehamia huko. Nyumba ya Mungu nayo ina mitumbwi ya wavuvi na mlima kwa mbali, lakini ni mbali kweli, hewa ikiwa na vumbi utapata bwawa tu. Iache mpaka mvua inyeshe.

Lenzi kwa watu wa kamera, ful fremu: mm 200 kutoka Moshi inajaza Kibo peke yake. Kibo na Mawenzi pamoja, mm 70 hadi 85. Filta ya polaraiza inasaidia ukungu mwepesi wa mchana, haifanyi miujiza.

Bakari wa Tanga

Mimi nataka ya juu kabisa, napanda Februari njia ya Machame. Niende na kamera kubwa au simu?

Mgumu Gaita

Naongoza wageni, nikujibu.

Chukua kamera moja, lenzi moja, basi. Nimeona watu wanabeba mfuko wa lenzi mpaka kambi ya Barafu, usiku wa kilele wanauacha hemani. Pale Barafu uko mita 4,673, unaondoka kama saa sita usiku, kichwa kinauma, vidole havifungi zipu. Ukishafika hapo kitu chepesi ndicho kizuri.

Betri ni adui namba moja. Baridi inaziua. Usiku lala nazo ndani ya begi la kulalia, ukipanda ziweke kifuani, ndani ya nguo, si mfukoni kwa nje. Simu ikizima yenyewe ikionyesha asilimia 40 haijaharibika, ipashe mwilini itawaka. Na kamera iliyotoka kwenye baridi usiifungue hemani penye joto, inapata jasho la ndani. Iache kwenye mfuko wake kwanza.

Sasa ukweli ambao wageni hawapendi. Ukiwa juu ya mlima huwezi kuupiga picha mlima, umeukanyaga. Kibao cha kilele cha Uhuru utapiga, sawa, kila mtu anacho. Picha zenye thamani ni hizi: Kambi ya Shira jioni, mawingu yako chini yako na mlima Meru umechomoza kama kisiwa. Kambi ya Karanga asubuhi, Kibo imekuinamia na barafu za kusini zinaonekana moja moja. Stella Point, mita 5,756, jua likichomoza pembeni ya Mawenzi. Hapo watu wote wanatazama jua. Wewe ukishalipiga, geuka nyuma. Upande wa magharibi kivuli cha mlima mzima kimelala juu ya mawingu, pembetatu kamili. Kinafupika haraka. Wengi wanashuka bila kukiona.

Kuchomoza kwa jua ukiwa juu kunakuja baada ya usiku mzima wa kutembea, kwa hiyo panga mipangilio ya kamera ukiwa bado hemani. Usiitegemee akili yako ya saa kumi na mbili.

Bakari wa Tanga

Shukrani kiongozi. Na drone?

Mgumu Gaita

Hifadhini bila kibali, sahau. Itachukuliwa na utabaki na maelezo ya kuandika. Nje ya hifadhi nako kuna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe kwa vile tu hujamwona askari. Jirani na KIA hata usiitoe kwenye boksi.

Mjukuu wa Ughaibuni

Nipo Ujerumani, nafuatilia kimya kimya. Niongeze sababu moja ya kuharakisha. Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo na ndege Januari 1930 akapiga picha, zipo mtandaoni. Ukiziweka pembeni ya picha za leo unatafuta barafu imekwenda wapi. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwepo 1912 lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Kwa hiyo mkipiga, pigeni na zile za kawaida, mchana mweupe, mahali palepale kila mwaka. Si kila picha lazima iwe na waridi.

Mpigapicha wa Rau

Hoja nzito hiyo. Na watu watofautishe: weupe mnaouona baada ya mvua za vuli au masika mwingi ni theluji mpya, inakaa siku au wiki chache inaondoka. Barafu ya kudumu ni zile kingo na kuta zinazobaki kiangazi kikikolea. Kama unafanya kumbukumbu ya aina hiyo, piga mwisho wa kiangazi, Februari au Oktoba, theluji mpya ikiwa imeyeyuka. Kama unataka kadi ya Krismasi, subiri asubuhi baada ya mvua.

Binti wa Uru

Na ile ya kutokea Meru, Kilimanjaro imesimama juu ya mawingu jua likitokea nyuma?

Nyota Njema

Hiyo ni ya kweli, haijapikwa. Kutoka kilele cha Meru, mita 4,566, Kibo iko mashariki kidogo kaskazini, karibu kilomita 70. Jua linachomoza nyuma yake mapema Mei na tena karibu na mwanzo wa Agosti. Mei ni masika, kwa hiyo Agosti. Miezi mingine linachomoza pembeni, bado pazuri. Kama mguu hauruhusu kilele, Meru Ndogo ya mita 3,820 inatosha, na mawingu ya Agosti yanayowatesa watu wa Moshi huko yanakuwa chini yako.

Mama Jeska

Sasa nipangieni kabisa. Nafika Kibosho tarehe 23 jioni, naondoka 27. Nikikosa nalaumu uzi.

Mpigapicha wa Rau

Mama, una asubuhi za 24, 25, 26 na 27. Desemba bado vuli inaweza kuvuta mkia, kwa hiyo usiweke matumaini yote siku moja. Saa kumi na moja kasoro toka nje uangalie kaskazini: nyota zikionekana upande wa mlima, amsha watoto, zungumza na bodaboda au Noah usiku uliotangulia ili usianze kupiga simu alfajiri. Nyota zisipoonekana rudi ulale. Mvua ikinyesha usiku ikakata kabla ya alfajiri, nenda hata kama umechoka, hiyo ndiyo yenyewe. Tarehe 25 misa ni ya asubuhi, utawahi.

Ukikosa zote nne, jioni. Desemba jua linazama nyuma ya bega lako la kushoto, uso wa mlima unapata mwanga ukiwa palepale TPC, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja kasoro.

Na wote mtakaotupia picha humu, andikeni mlisimama wapi na saa ngapi, la sivyo tutaanza kutafuta Mawenzi iko upande gani.

Kapuku Mstaarabu

Kwa hiyo jioni nayo inakubalika? Ungeanza na hiyo mkuu, mimi ya saa kumi na moja alfajiri nilishajitoa. Nipo mlango wa nyuma Majengo, anayetaka kahawa apite.